Toka Ivuna hadi Bagamoyo kwa Miguu: Somo Kutoka kwa Waliotutangulia

Hebu nikuulize swali, ndugu msomaji. Ukiambiwa leo utoke Ivuna, kule bonde la Rukwa, uende hadi Bagamoyo kwa miguu yako miwili, utaanzia wapi kupanga? Wengi wetu tuliosoma mjini tutakimbilia kwanza viatu, kisha begi, kisha hema, kisha tutatafuta kitabu cha Mzungu aliyetembea milima ya kwao Ulaya atueleze namna ya kufunga kamba za viatu. Sisi! Watu ambao babu zetu walitembea nchi hii toka ziwa hadi bahari kabla ya reli, kabla ya lami, kabla hata ya ramani.

Mimi na jamaa zangu wawili tumeanza kupanga safari hiyo, na katika kupanga nimejikuta nasoma historia kuliko ninavyosoma bei za viatu. Nataka nikushirikishe niliyoyapata. Ni mambo ambayo shuleni tuliyapita juu juu tu, kwenye ile mada ya "wapelelezi", tukakariri majina ya Wazungu watano, tukafanya mtihani, tukasahau.

Kwanza, kwa nini Ivuna? Kwa wasiopajua, Ivuna ipo wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumega Mbeya. Ukiweka rula kwenye ramani, toka Tunduma mpaka Ivuna ni kilomita 100 na ushee kuelekea kaskazini. Unashuka toka nyanda za juu, kwenye baridi na kahawa, unaingia bonde la ufa kwenye joto lenyewe, karibu na Ziwa Rukwa. Waliowahi kusikia jina la Ivuna wengi wao ni wanasayansi wa nchi za mbali, kwa sababu ya jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka pale kimondo. Vipande vyake vyote vilivyookotwa havikuzidi sana gramu 700, yaani huwezi hata kukilinganisha kwa ukubwa na kile kimondo cha tani nyingi kilichopo Mbozi. Lakini udogo si hoja. Kimondo cha Ivuna kiliwapa wanasayansi jina la kundi zima la vimondo adimu kabisa, vile ambavyo kemia yake inakaribiana mno na ya Jua lenyewe. Chombo cha Japani kilipoleta Duniani vumbi la asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, wataalamu walilichunguza, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba linafanana na mawe ya aina ya Ivuna. Naam, jina la kijiji cha Momba linatajwa kwenye maabara za Tokyo na London, na mtoto wa Dar es Salaam hajui Ivuna ipo mkoa gani.

Ila mimi sikuvutwa na jiwe la mbinguni. Nilivutwa na chumvi.

Ivuna kuna chemchemi za maji ya chumvi na ardhi yenye chumvi. Mwaka 1966 wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba pale, na taarifa yao ikatoka mwaka 1968 katika jarida la Azania. Walichokuta ni kwamba watu walikuwa wanatengeneza chumvi Ivuna tangu karibu karne ya 13. Hebu piga hesabu. Wakati Kilwa inajenga misikiti yake ya mawe na kupokea dhahabu ya Sofala, huku bara watu walikuwa wanachuja udongo, wanachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu, na kungoja chumvi ibaki chini. Jarida hilohilo, toleo hilohilo, lilikuwa pia na habari za Uvinza, kule Kigoma, ambako nako chumvi ilikuwa inachemshwa tangu zamani sana.

Sasa chumvi si kitu cha mchezo. Ukiwa mjini unainunua dukani kwa hela ndogo kuliko zote, unaiona haina maana. Lakini mtu anayekula nafaka na mboga, mwenye ng'ombe, anayetaka kukausha samaki au nyama, hana namna ya kuikwepa. Na chumvi haipatikani kila mahali. Ndiyo maana mahali penye chumvi panakuwa na njia nyingi za miguu, kama vile mahali penye maji panavyokuwa na nyayo za wanyama. Nyanda za Ufipa na Unyiha, huku juu, kulikuwa na mafundi wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Humo bondeni kulikuwa na wafumaji wa nguo za pamba. Na Ivuna ilikuwa na chumvi. Mwenye jembe anataka chumvi, mwenye chumvi anataka jembe na nguo. Hapo ndipo safari inapozaliwa.

Na hapo ndipo mpango wa safari unapozaliwa pia. Chumvi ni kazi ya kiangazi. Mvua za huku zinaanza kama Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na zikishika, bonde linakuwa maji na tope, huwezi kukwangua chumvi wala kupita. Kwa hiyo mwenye kufuata chumvi alikuwa lazima ajue kalenda: avune kwanza, apate akiba ya chakula cha njiani, kisha atoke ardhi ikiwa kavu na arudi kabla mawingu hayajakusanyika. Lazima ajue nani anamiliki chemchemi na anaingia kwa ruhusa ya nani. Lazima ajue atabeba nini cha kubadilishana. Angalia vizuri orodha hiyo: majira, chakula, ruhusa, mzigo. Mambo manne. Kitabu chochote cha kisasa cha matembezi marefu ukikifungua, utakuta hayohayo manne yamepakwa rangi na kuuzwa kwa bei kubwa.

Sasa twende kwenye safari ambayo dunia nzima inaijua, ingawa inaijua vibaya.

Mapema mwezi Mei 1873, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na msafara wa watu wapatao 60, wanaume pamoja na wanawake, miongoni mwao Abdallah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. Wainwright alikuwa amesoma shule ya watumwa waliokombolewa huko Nasik, India, na ndiye aliyesoma sala ya maziko.

Watu hawa walikuwa na kila sababu ya kumzika mzee pale, kugawana bidhaa zilizobaki na kila mtu kwenda zake. Hakukuwa na balozi wala polisi wa kuwauliza. Badala yake walikaa kikao. Wakaamua kwamba mwili na maandishi yake yafike pwani. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, kisha wakaufunga kwa gome la mti na turubai kama mzigo wa biashara. Unaona chumvi inavyorudi? Bila chumvi safari ile isingewezekana kabisa.

Halafu wakatembea. Walizunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakakatiza Ufipa, nyanda zilizo upande wa magharibi wa bonde hili la Rukwa, wakapanda hadi Tabora. Walifika Tabora Oktoba 1873. Pale wakamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wamzike Livingstone hapohapo. Wakakataa. Nakuomba usome tena hapo: wapagazi walikataa ushauri wa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kwa sababu safari ilikuwa yao na uamuzi ulikuwa wao. Mbele ya Tabora walikuta watu wasiokubali maiti ipite katika nchi yao. Wakafanya ujanja. Wakatengeneza mzigo wa bandia, wakajifanya wanaurudisha mwili Tabora ukazikwe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo, wakapita nao. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Miezi tisa tangu kuanza!

Kilichofuata nadhani unaweza kukikisia. Wengi walilipwa mshahara wao wakaambiwa kwaherini. Mwili ukapanda meli na kuzikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwepo kwenye maziko hayo. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, maziko yameshapita, wakasaidia kuhariri maandishi ya mwisho ya Livingstone, maana bila maelezo yao miezi ile ya mwisho ingekuwa kurasa tupu. Nishani za fedha zilitengenezwa kwa ajili ya wote 60, lakini zilipofika wengi walikuwa wameshatawanyika.

Halafu miaka mitano baadaye Chuma huyohuyo anatokea tena. Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam kwenda maziwa makuu. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi wa pili tu wa safari, mahali ambapo leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msafara ukabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Miaka 21! Ni umri wa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Nani aliuendesha msafara ule wa watu wapatao 150? Mnyapara mkuu alikuwa Chuma. Walifika Ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, na mwaka 1880, wakati wa kurudi, Thomson akaliona Ziwa Rukwa, akalipa jina la Leopold. Jina la Leopold lilikufa, Rukwa limebaki. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu ya wapagazi hawa, kilichotoka mwaka 2006, na hoja yake kubwa ni kwamba upagazi ulikuwa kazi ya ujuzi yenye heshima, mila na migomo yake. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo kuliko wote. Mzigo wa mtu ulikuwa kati ya ratili 60 na 70, kama kilo 30 hivi. Kulikuwa na kirangozi anayetangulia na kuamua mwendo, mnyapara wa kusimamia watu, posho ya kila siku, hongo ya kulipa kwa mtawala wa nchi unayopita, na sheria za kambi. Walianza kutembea alfajiri na kusimama kabla jua halijawa kali. Neno "safari" lenyewe, ambalo sasa dunia nzima inalitumia kuuzia watalii viti vya Landrover, lilikuwa neno la watu hawa.

Lakini tusidanganyane. Ukiishia hapa utadhani kutembea kulikuwa raha tupu, na mimi sitaki kukuuzia hadithi tamu. Njia zilezile zilizopitisha chumvi na majembe zilipitisha watu waliofungwa minyororo na makongwa. Chuma mwenyewe alitokea humo. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo juu ya mabega ya watu waliolipwa, na pembeni yao wakitembea watu waliouzwa. Na wakoloni walipoingia, mwendo wa miguu ukawa amri.

Angalia huku mpakani. Mwaka 1881 tajiri wa Kiskoti, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ilipita kusini kidogo ya hapa ilipo Tunduma leo. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa Julai 1890, njia ile ikabaki upande wa Waingereza, na watu wa kabila moja wakajikuta nchi mbili. Miaka michache mbele ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Von Lettow-Vorbeck na jeshi lake walipita eneo hilihili, wakaivamia Fife mwanzoni mwa Novemba 1918, na kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Majeshi ya pande zote mbili yalikula na kupiga risasi zilizobebwa na wapagazi. Safari hii hakuna aliyekaa kikao kuamua. Walikamatwa vijijini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko risasi.

Wewe unayepanda daladala kwenda Kariakoo kila siku, unajua jina hilo limetoka wapi? Ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, kilichokuwa na kambi pale. Na ile Sanamu ya Askari katikati ya jiji, iliyowekwa mwaka 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi yupo kwenye maneno tu. Sura hana.

Kwa hiyo kuna mwendo wa aina tatu katika historia yetu. Wa kwanza ni wa mtu anayefuata chumvi kwa haja yake na kurudi kwake. Wa pili ni wa mtu anayetembea kwa mshahara, kama Chuma, ambaye ujuzi ni wake ingawa jina kwenye kitabu ni la mwingine. Wa tatu ni wa kamba na amri. Nadhani wengi wetu mjini tumerithi kumbukumbu ya ule wa tatu peke yake. Ndiyo maana ukimwambia mzazi wako unatembea toka Songwe hadi pwani, jibu la kwanza ni: "Umekosa nauli?" Kutembea kumekuwa alama ya ufukara. Aliyefanikiwa hatembei.

Tuliwahi kujaribu kuigeuza hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijana kutoka pembe mbalimbali za nchi walitembea kuliunga mkono. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea toka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Unaweza kukubaliana au kutokukubaliana na Azimio, hiyo ni mada nyingine. Ila rais wa nchi kutembea siku kadhaa, vumbi kwa vumbi na wananchi, ulikuwa ujumbe unaoeleweka hata na asiyejua kusoma. Na kifo cha Seti kilikumbusha kwamba hata mwendo wa hiari una gharama, hasa ukipangwa kwa moyo zaidi kuliko kwa maji na mapumziko.

Haya, sasa mpango wetu. Nimeupanga kwa yale mambo manne ya mfuata chumvi.

Majira: tunaondoka katikati ya Juni, mvua zimekwisha, mavuno yameingia, chakula kipo vijijini na ni rahisi. Tunapanda toka bondeni hadi Mlowo kwenye barabara kuu, kisha Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro, Chalinze, Msata, Bagamoyo. Ni karibu kilomita 1,000. Kwa kilomita 20 kwa siku, na siku moja ya kupumzika kila wiki, ni kama miezi miwili. Mikumi tutapanda basi, maana barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na simba hasomi historia.

Chakula: tutanunua njiani, kwa mama ntilie na sokoni. Msafara uliobeba chakula chote tangu mwanzo haukufika mbali, na ule uliopora haukupita mara ya pili.

Ruhusa: barua ya utambulisho, na kila kijiji tunachotaka kulala tunaanza kwa mtendaji au mwenyekiti, kabla ya kushusha begi. Zamani iliitwa hongo na ililipwa kwa nguo. Leo neno hilo limeharibika, lakini adabu yake ilikuwa na maana: unapita katika nchi ya mtu, jitambulishe.

Mzigo: kilo 10 kila mmoja, basi. Mpagazi alibeba 30, lakini alikuwa fundi, sisi ni wanafunzi.

Na kwenye mzigo wangu kutakuwa na kilo moja ya chumvi ya Ivuna. Jamaa zangu wananicheka. Wanasema Bagamoyo kuna bahari na mashamba ya chumvi, nani anapeleka chumvi baharini? Ni kweli, haina faida yoyote ya biashara. Lakini chumvi ndiyo iliyowafikisha Chuma na Susi pwani, na sijaona sababu ya kwenda Bagamoyo mikono mitupu. Nafasi ya mtu wa nne bado ipo. Mwenye miguu anijulishe kabla ya mwezi wa tano.